Vidonge vya Mgao

Fairfield, Jumapili alasiri

Sifa mwanangu,

Sitakuuliza hali yako, nakusikia. Uko chumba cha pili unagombana na zipu ya begi, umeshalipiga teke mara mbili, na unaimba vibaya. Basi u mzima. Mimi niko jikoni, vyombo vya wageni vimejaa kwenye sinki na sitaviosha mpaka nimalize kuandika. Umenipita sasa hivi ukauliza, "Mum, what are you writing?" nikakujibu ni orodha ya vitu vya dukani. Ukasema, "That's a long list." Ni ndefu kweli.

Utaisoma kesho ukiwa kwenye treni. Baba mdogo wako ndiye atakayekupeleka stesheni ya Campbelltown, na nimemwagiza akupe bahasha hii dakika ya mwisho, mguu wako mmoja ukiwa ndani ya behewa. Najua umenuna kwa sababu nimekataa kukusindikiza. Nimekwambia nina mahali pa kwenda asubuhi, ukaniangalia kama mama asiye na moyo. Nuna tu. Ukifika mwisho wa barua utajua ni wapi.

Mambo ya kila siku nayaruka. Kupika unajua, sombe yako ya majani ya muhogo inaishinda yangu, ingawa karanga unaibana. Kufua unajua. Habari za wanaume nilikuambia zote nilizokuwa nazo, na hazikuwa nyingi. Ninachotaka kukuandikia ni ile ajali. Miezi sita tumekaa nyumba moja, tumekula sahani moja, na hatujawahi kuitaja kwa ukweli wake. Watu wote, kuanzia kanisani hadi Macquarie Fields kwa baba mdogo wako, wanajua kwamba Sifa, mtoto aliyekuwa anajifunza gari, alikanyaga mafuta badala ya breki akabomoa ukuta wa mzee wa watu. Wewe unajua haikuwa hivyo. Mimi najua haikuwa hivyo. Uongo huo umekaa mabegani mwako wakati ni mzigo wangu, na leo nimeuvua.

Acha nianze mwanzo, maana hata wewe hujui yote.

Unakumbuka mwaka jana tulivyofungiwa kwa ajili ya korona. Helikopta juu ya mapaa, askari wanagonga milango, Fairfield nzima imetajwa kwenye taarifa ya habari utadhani sisi ndio tuliouzaa huo ugonjwa. Sisi wa kutunza wazee tuliruhusiwa kutoka, kwa sharti la kupimwa pua kila baada ya siku tatu. Nilikuwa naingia kazini jioni, natoka saa moja asubuhi, nafika nyumbani saa mbili, na hapo ndipo usiku wangu ulipoanzia. Lakini mtaa mzima ulikuwa nyumbani. Watoto wa jirani wanasoma kwa kompyuta na kupigana, yule wa mbele anakata nyasi zile zile kila siku, wewe mwenyewe uko chumbani na mwalimu wako anapaza sauti kwenye spika. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa moja tu, mbili zikizidi, kisha macho kodo nikitazama dari. Halafu jioni nanyanyua wazee wenye kilo tisini.

Nilinunua vidonge vya usingizi dukani kwa mfamasia. Havikuhitaji karatasi ya daktari. Paketi ilisema kimoja kabla ya kulala. Nilikunywa kimoja, na wiki ya kwanza nililala mpaka nikasahau siku. Wiki ya tatu kilikuwa hakinifanyi kitu zaidi ya kunikausha mdomo.

Hapo ndipo mifuko ya mlangoni ilipoingia. Wewe ulikuwa unaipenda kwa sababu ya mandazi. Kwetu mtu akichoka au akiugua, watu huingia nyumbani kwake, hukaa, humpikia, humwonea huruma mpaka mwenyewe aombe waondoke. Sheria ikakataza kuingia. Basi Mama Nyota, kiongozi wetu wa akina mama kanisani, akasema kama hatuwezi kuingia tutatundika. Kila Jumatano mfuko kwenye kitasa: unga, dagaa, mandazi, tangawizi, ndimu. Na chini kabisa, ndani ya karatasi iliyokunjwa, vidonge. Karibu sote tulifanya kazi za usiku, na sote tulikuwa hatulali. Kila mama alipeleka kwa Mama Nyota alichokuwa nacho nyumbani, yeye akakusanya yote mezani, akachukua mkasi, akakata zile karatasi za vidonge viwili viwili ili kila mtu apate sawa na mwenzake. Ukikata hivyo, jina la dawa linabaki kwenye kipande cha mwingine. Mimi nilipata kipande chenye herufi tatu za mwisho.

Usimcheke. Ungenijua kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma ungejua sina haki ya kumcheka mtu kwa mgao. Mimi ndiye niliyekuwa nakata sabuni. Mche mmoja kwa familia sita, naupima kwa kidole, naukata kwa uzi, na hakuna mwanamke aliyewahi kunirudishia kipande akisema kimepunjwa. Baba yako, alipokuwa hai, alikuwa akiniita hakimu wa sabuni. Tulitoka huko tukiamini kwamba kitu kikigawanywa sawa kimekuwa salama. Unga ukiugawanya sawa haumdhuru mtu. Hakuna aliyetufundisha kwamba dawa ina tabia nyingine.

Jumatano moja Mama Nyota alisimama getini, barakoa imempanda hadi machoni, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Mama Sifa, zile za bluu ni za kulala, zile za kijani ni za mafua ya usiku, lakini nazo zinalalisha muzuri. Kunywa tu, hazina mubaya. Zote banauza mu chemist bila karatasi ya munganga." Na wiki iliyofuata akaleta chupa ya dawa ya kikohozi, nusu, iliyosafiri nyumba tatu kabla ya kunifikia.

Nilipanga hesabu yangu ya kijinga. Kimoja changu, kimoja cha bluu, kimoja cha kijani, na kifuniko kimoja cha dawa ya kikohozi. Nilijiambia sijazidisha hata kimoja, nimeonja kila kimoja kidogo. Na kwa sababu mgongo uliniuma, nikaongeza panadol zangu mbili za kila siku. Nililala, nisikudanganye. Nililala usingizi wa mtu aliyeangushwa.

Dalili zilikuja na nikazipita. Moyo ulikuwa unakimbia nikiwa nimekaa. Nilikaa chooni muda mrefu na mkojo hautoki. Macho yalikataa kusoma maandishi ya karibu. Ulifungua friji ukakuta birika la chai ndani, ukacheka, nikacheka na mimi. Kazini nilimwita bibi mmoja mzungu kwa jina la mama yangu, naye akaitika. Yote hayo niliyaita uchovu. Nilikuwa mtu mzima ninayelipwa kuangalia wazee wasichanganyikiwe, nikashindwa kuona kuchanganyikiwa kulikonikalia usoni.

Sasa ile siku. Nilikuwa na mtindo ambao sikuwahi kukuambia. Ili nisipoteze hata robo saa ya usingizi, nilikuwa nameza vidonge vyangu kazini, kwenye maegesho, kabla ya kuwasha gari, vianze kazi yake njiani ili nikifika nyumbani niangukie kitandani. Ndiyo, niliendesha hivyo, kutoka kazini hadi nyumbani, siku nyingi. Asubuhi ile nilimeza vyote, nikafika, na kabla sijavua viatu simu ikaingia kutoka kazini: kipimo chako kimepitwa na muda, usipopimwa leo usije usiku. Wewe ulikuwa umeshasikia. Ulitoka chumbani umeshika zile alama za L za dereva mwanafunzi na kile kitabu chako cha kuandikia masaa ya mazoezi.

"I'll drive you, Mum. I need my hours anyway. You can just sit there."

Hapa, Sifa, nisome polepole. Nilijua nimemeza. Ulimi wangu ulikuwa umeanza kuwa mzito na nilijua. Sheria inasema mtu mzima anayekaa kando ya mwanafunzi awe na akili zake, na hilo nililijua, nilitia saini. Ningeweza kusema, ngoja nilale kwanza, twende saa tisa. Sikusema. Niliona usiku mmoja wa kazi unaniponyoka, na nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kukosa zamu. Nikachukua mkoba wangu nikaketi kushoto kwako.

Ulikuwa unaendesha vizuri. Nakumbuka nikifikiri hivyo, mtoto huyu ana mikono mitulivu. Foleni ya kupimwa ilikuwa mbali bado, tukapita barabara za ndani. Kisha nikawaona. Wanawake, saba au wanane, wenye ndoo vichwani, wanavuka barabara mbele yetu taratibu, kama walivyokuwa wakivuka wakitoka bombani kule kambini. Niliwaona kama ninavyoiona kalamu hii. Mmoja aligeuka akaniangalia.

Nilisema, "Wapishe, Sifa. Wapishe akina mama."

Wewe ukasema, "Who? Mum, there's no one there."

Nami nikaushika usukani nikauvuta kwangu kwa nguvu zangu zote.

Barabara ilikuwa tupu. Hilo ndilo nililoliona baada ya matofali kuacha kuanguka. Hakukuwa na mwanamke, hakukuwa na ndoo, kulikuwa na ukuta wa mzee wa Kivietnamu umelala juu ya boneti yetu, na wewe umeshika mkono wako wa kulia ambao kifundo chake kilikuwa kimegeukia kusikostahili. Yule mzee alitoka na ndala na ufagio. Nilidhani anakuja kutupiga. Akaangalia mkono wako, akauweka ufagio chini, akarudi ndani akatoka na kiti cha plastiki ili ukae.

Polisi walikuja wawili, mwanamume na mwanamke. Wakatupulizisha kile kimashine, wewe na mimi, hakuna pombe. Kimashine hakijui vidonge. Yule mwanamke akauliza nini kimetokea, na kabla sijafungua mdomo ukamjibu.

"It was me. I hit the wrong pedal. My mum had nothing to do with it."

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ukanitazama mara moja tu, ukaangalia pembeni. Swali la kwanza lilinipita kwa sababu ulimi ulikuwa mzito, hilo naweza kuapa. Lakini aliniuliza na mimi. Aliinama akasema, "Is that right, ma'am?" na hapo ulimi ulikuwa umefunguka. Ningeweza kusema. Nilifikiria kazi yangu, leseni yangu, nikafikiria watu wa ustawi wa jamii kuja kuuliza mama wa namna gani huyu. Nikatikisa kichwa kukubali. Dawa ilivuta usukani. Kichwa nilikitikisa mimi mwenyewe, na akili zangu timamu.

Wakakuandikia kosa la uzembe barabarani. Hospitali muuguzi akaniuliza na mimi, "Any medications, love?" nikasema hapana. Na unajua, nusu yake sikuwa nadanganya. Kwangu dawa ilikuwa kitu daktari anachokiandika. Hivi vingine vilitoka kwenye mfuko pamoja na dagaa. Jioni, mkono wako ukiwa kwenye plasta, uliniuliza kwa sauti ndogo, "Mum, who were you talking to?" Nikakujibu sikuongea na mtu. Hujauliza tena. Badala yake ukaanza kunichunga: unafungua mlango wa chumba changu kuona kama napumua, unahesabu vidonge vyangu vya mgongo, unakataa kwenda kwa rafiki zako. Ulipopata nafasi ya chuo kule Wagga ulificha ile barua chini ya godoro siku kumi na moja. Nilijua. Niliiona nikibadilisha shuka.

Wiki moja baada ya ajali nilichukua kila kitu, paketi yangu, vile vipande, na ile chupa, nikaviweka kwenye mfuko wa plastiki nikaenda kwa yule mfamasia mwanamke wa Kiiraki karibu na stesheni, yule anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Nikamwambia ni vya jirani. Akavimwaga kaunta. Akavigeuza kimoja kimoja, akaleta paketi nzima kutoka kwenye rafu alinganishe rangi na zile herufi chache zilizobaki. Kisha akavisogeza vyote upande mmoja kwa kidole.

"Same, same, same," akasema. "Different box, same family. Your neighbour, darling, she is taking one thing four times."

Akanieleza, na aliposhindwa kwa Kiingereza chake na changu, akachora. Vidonge vyangu, vile vya bluu, vile vya mafua ya usiku, na dawa ya kikohozi, vyote vina dawa za mzio za aina ya zamani, zile zinazolevya. Kampuni moja huiita ya usingizi, nyingine ya mafua, nyingine ya kifua. Ukizipanga pamoja hazigawani kazi, zinaongezeana. Zinakausha mdomo, zinafunga mkojo, zinakimbiza moyo, zinavuruga akili mpaka mtu anaona visivyokuwepo, na hazitoki mwilini kwa saa chache, kesho yake bado ziko. Na zile za mafua zilikuwa na panadol ndani, kwa hiyo hata panadol nilikuwa narudufu bila kujua, na ini ndilo linalobeba hayo. Akasema kama angeongeza pombe au vidonge vikali vya maumivu, huenda jirani yangu asingeamka. Kisha akashusha miwani ya kichwani, akanitazama kwa ile ya pili, akauliza, "And how is your neighbour now?"

Nikasema anaendelea vizuri. Hata kwake nilidanganya. Ona nilivyokuwa nimezoea.

Nilirudi nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama: kuanzia leo asikate kidonge mtu, mwenye dawa alete paketi nzima na karatasi yake, na asinywe kabla hajauliza. Nikajibiwa, "Sasa Mama Sifa unatuona balozi?" yaani wachawi. Wote walidhani nimeingiwa na maringo ya Kizungu. Sikuwaambia kwa nini, kwa sababu kuwaambia kwa nini kungekuwa kuwaambia habari yako.

Na wewe ukaendelea kubeba. Ulikwenda mwenyewe na plasta yako kumpelekea yule mzee machungwa. Baba mdogo wako alikaa mezani hapa hapa akakusema saa nzima, "Huyu mutoto iko na haraka, iko na haraka sana," na wewe umeinamisha kichwa, na mimi namimina chai. Nimefanya mengi mabaya maishani, mengine ni ya wakati wa vita na siyaombei radhi. Lakini ile chai, Sifa. Ile chai inanichoma mpaka leo.

Sasa nikuambie kilichotokea leo ulipokuwa Cabramatta na rafiki yako mkinunua mchele na vikorokoro. Wageni uliowakuta wanaondoka hawakuja kukuaga tu. Walikuja na neno. Baba mdogo wako alikaa, Mama Nyota akakaa, na yule mama mwingine anayeshikilia funguo za kanisa. Shemeji akakohoa, akasema wamefikiri kama familia. Wewe usiende mwaka huu. Usome hapa karibu, unitunze, maana afya yangu si nzuri na wewe bado hujatulia.

"Mutoto wa kuvunja gari," akasema, "unamuacha aende kuishi peke yake mule mu brousse, mu pori? Ataua mutu."

Nikaweka sinia chini. Nikasema, "Gari nilivunja mimi."

Wakadhani natania. Nikawaambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na ndoo, pamoja na kile kichwa nilichotikisa. Mama Nyota akajifunika uso kwa kitenge. "Basi ni mimi nilikuua," akasema. Nikamwambia, "Hapana, Mama Nyota. Wewe ulinigawia kwa upendo. Mimi ndiye nilimeza, na mimi ndiye nilinyamaza." Na nikamwambia mkasi wake ni wa nguo tangu leo, akaitikia.

Yule wa funguo akasema, tatizo ni imani, mtu akisali vizuri analala. Nikamwambia mimi nilisali kila asubuhi nikipiga magoti kwenye lile zulia, na kama yeye analala fofofo ni kwa sababu anafanya kazi mchana. Hakupenda. Sikusema ili apende. Kukosa usingizi si dhambi, na kutafuta dawa yake si aibu, na sitasimama mbele ya kanisa kutubu kwamba nilichoka. Nitatubu kwamba nilikunyamazia, na hilo nalitubu kwako.

Shemeji ndiye aliyebaki na hoja. "Sasa umesema, tumesikia," akasema. "Lakini usitoe nje. Utapoteza kazi, utapoteza leseni. Tunyamaze, itaisha."

"Itaisha kwa nani?" nikamuuliza. "Kwangu iliisha siku ile ile. Kwa mtoto inaendelea."

Akanywa chai yake, ambayo safari hii alijimiminia mwenyewe. Alipoondoka akasema atakuja saa kumi na mbili asubuhi kukuchukua, na huko ndiko kukubali kwake, usingoje kingine. Ulipoingia na mifuko yako na kumkuta mlangoni alikushika kichwa akakubariki, ukashangaa. Sasa unajua.

Unakwenda kusomea uuguzi, kwa hiyo nina maneno mawili, na hayo si mahubiri, ni mambo niliyoyalipia. La kwanza, ukikutana na mwanamke kama mimi kitandani au kando ya kitanda cha mtoto wake, usimuulize anatumia dawa gani. Atasema hapana na ataamini anasema kweli. Muulize umekunywa nini, umepewa nini, na nani, na ilikuwa na rangi gani. Muulize kwa lugha yake, na umpe muda, na usiangalie saa. Kuna siku atakujibu.

La pili ni la kwako. Utafanya kazi za usiku na utakosa usingizi, na atatokea rafiki mwema mwenye moyo wa Mama Nyota akufungie viwili kwenye tishu. Mpende, umrudishie. Soma yale maandishi madogo nyuma ya paketi, si jina kubwa la mbele. Ukishindwa kuyaelewa, nenda kaunta useme ni yako. Usiseme ni ya jirani.

Na usinibebe tena. Najua ulifanya kwa kunipenda, na najua ulimtazama yule polisi kwa ujasiri ambao mimi nikiwa na umri wako sikuwa nao. Lakini nilikuzaa uwe mwanangu, sikukuzaa uwe mlinzi wangu. Sitakuahidi kwamba sitameza kidonge tena maishani, nina mgongo na nina kazi. Nakuahidi sitameza nisichokijua, na sitamficha mtu nilichomeza. Usinipigie simu kila asubuhi kuuliza kama napumua. Nitapumua. Nilipumua Kigoma, nilipumua na askari mlangoni, nitashindwaje na wewe uko Wagga unasoma?

Sasa lile la asubuhi. Baba mdogo wako akikuchukua saa kumi na mbili, mimi nitasimama dirishani mpaka mpinde kona, kisha nitavaa lile gauni langu la bluu la Pasaka na kutembea kwa miguu hadi kituo cha polisi. Ile karatasi aliyonichorea mfamasia ninayo, na paketi yangu, vile vipande na ile chupa ninavyo. Sijui watanifanya nini. Labda wataichukua leseni, labda kazini wataniita. Nimeshafikiria yote hayo na nimeyakuta madogo kuliko nilivyodhani. Simu yangu itakuwa imezimwa, kwa hiyo usihangaike kupiga, na usifikirie kushuka njiani stesheni ya Goulburn urudi. Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukuambia. Ningekuambia leo ungenishika mkono mlangoni, na ningekusikiliza, maana nimekuwa nikikusikiliza kwa miezi sita kwenye jambo ambalo ilikuwa kazi yangu kukukataza.

Na unapousoma mstari huu nimeshafika. Niko mbele ya kaunta, nimetaja jina langu herufi kwa herufi, nimemwambia yule askari achukue kalamu, asiwe na haraka, aandike kwamba mtoto alikuwa anaendesha vizuri.

Mama yako,
Mapendo